Muujiza ni wa Nani?

Muhula uliopita, tulipokuwa tukifundisha ngeli ya U-I katika kidato cha pili hapa Kirewa, tuliandika ubaoni majina kumi: mti, mto, mkono, mwiba na mengineyo, na la mwisho likawa muujiza. Tuliwataka wanafunzi watunge sentensi moja kwa kila jina, wakizingatia upatanisho. Wengi waliifanya kazi hiyo bila taabu. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akaandika hivi: "Pokea muujiza wako." Sentensi ilikuwa sahihi kabisa, wala hatukuwa na la kuisahihisha. Tulipomwuliza aliipata wapi, akasema aliisoma katika kitambaa kikubwa kilichotundikwa kando ya barabara kutangaza mkutano wa maombi. Kisha akauliza: "Mwalimu, mtu akishaupokea muujiza, unakuwa mali yake? Na je, anaweza kunyang'anywa?"

Darasa zima lilicheka, lakini sisi hatukucheka. Swali hilo tulikuwa nalo moyoni kwa miaka kadhaa, na yule aliyetuuliza kwanza hakuwa mwanafunzi. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya walimu wenzetu na wanafunzi wa Kiswahili tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo. Ni jambo la imani, lakini ni jambo la lugha pia, na kwa upande wa lugha sisi walimu hatuna budi kubeba sehemu yetu ya lawama.

Kirewa imo katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, katika nchi ya Wapadhola. Mtu wa hapa husema Kidhopadhola nyumbani, husoma Kiingereza shuleni, na hutumia Kiswahili anapokwenda mpakani, Busia au Malaba, kuuza na kununua. Ndiyo maana wahubiri watokao ng'ambo ya mpaka, wanapofika kwetu, huhubiri kwa Kiswahili, nao huhitaji mtu wa kuwafasiria. Mwaka 2017 alikuja mhubiri mmoja kufanya mkutano wa siku tatu, nasi tukaombwa tuwe wafasiri wake. Tulikubali kwa furaha na, tukisema kweli, kwa majivuno kidogo. Mwalimu ambaye somo lake lilikuwa limedharauliwa miaka mingi, leo amesimama jukwaani mbele ya umati, na bila yeye hakuna aelewaye neno!

Jioni ya siku ya tatu mhubiri alihubiri juu ya yule mtoto wa Injili aliyekuwa akiangushwa motoni na majini, ambaye wanafunzi wa Yesu walishindwa kumponya. Baada ya mahubiri akawaita wagonjwa. Miongoni mwao alikuja jirani yetu, mama mjane, akimshika mkono mjukuu wake, binti wa miaka tisa mwenye kifafa. Binti huyo alikuwa ametumia vidonge vya zahanati kwa muda wa miaka miwili. Mhubiri alimwekea mikono, akapaza sauti: "Pokea muujiza wako! Umepona! Vidonge vitupwe leo!" Nasi tukafasiri. Tulifasiri kila neno, tena tulitia mkazo kupita wake, kwa maana umati ulikuwa unashangilia na damu yetu ilikuwa imechemka.

Yule mama hakumtazama mhubiri. Alitutazama sisi, kwa kuwa uso wetu ndio alioujua. Kisha akalifungua fundo la leso yake, akavitoa vidonge, akaviangusha chini.

Mwezi haukwisha. Asubuhi moja binti alikuwa akichochea moto chini ya chungu cha uji, kifafa kikamshika, akaangukia mafigani. Mkono wake wa kulia uliungua vibaya, na vidole viwili vikakunjamana, havikunyoka tena. Watu wa mkutano ule, walipopata habari, walisema kwamba muujiza alikuwa ameupokea, lakini umepotea kwa upungufu wa imani ya nyumba ile. Yule mama alikuja kwetu jioni. Hakuja kulalamika. Aliuliza neno moja tu: "Mwalimu, yule mtu alisema nini hasa?"

Alidhani labda tulikosea kufasiri. Alitupa nafasi ya kujitetea, nasi hatukuwa na utetezi, maana tulikuwa tumefasiri sawasawa. Tulinyamaza, akaaga, akaenda zake. Tangu siku hiyo tulianza kulichunguza neno muujiza kama mtu achunguzavyo sarafu aliyoipokea gizani.

Tuanze na asili yake. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika shina lenye maana ya kushindwa au kutoweza. Muujiza, kwa asili, ni jambo linalomshinda mtu, jambo linalomfanya akiri kwamba uwezo wake umefika mwisho. Shina hilohilo ndilo lililotupa neno ajizi, ambalo katika Kiswahili limekuja kuwa na maana ya uzembe na utepetevu. Ndipo wahenga waliposema kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na msomaji ataona hapa chini kwamba ndugu hao huweza kukaribiana mno. Wanazuoni wa Kiislamu hutofautisha muujiza, ambao ni wa Mitume, na karama, ambayo ni ya mawalii. Tena Kurani hutumia zaidi neno aya, ambalo maana yake ni ishara, na aya ndilo jina la kila kifungu cha Kitabu hicho. Kwa hiyo Mwislamu asomapo aya anasoma ishara.

Wakristo nao, katika Agano Jipya la Kigiriki, wana maneno matatu makuu. La kwanza lina maana ya tendo la nguvu, la pili ajabu, na la tatu ishara. Mwinjili Yohana hulipenda hili la tatu. Mabadiliko ya maji kuwa divai katika arusi ya Kana, yeye huyaita mwanzo wa ishara, na aghalabu wafafanuzi huhesabu ishara saba katika Injili yake. Biblia ya Kiswahili ya Tafsiri ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, imezihifadhi tofauti hizi kwa kuyatumia maneno yote: miujiza, ajabu na ishara. Hatuwezi kusema, basi, kwamba lugha yetu ni maskini. Umaskini uko katika matumizi, kwa sababu katika midomo ya watu siku hizi limebaki neno moja tu, tena limefungwa kwa kimilikishi: muujiza wako.

Hapo ndipo tunaporejea swali la mwanafunzi. Ishara haimilikiwi. Kibao kilichosimama njia panda kikionyesha njia ya Nagongera si mali ya msafiri, wala msafiri mwenye akili haking'oi akaenda nacho nyumbani. Hukitazama, akageuka, akashika njia. Kama miujiza ya Yesu ilikuwa ishara, basi kazi yake ilikuwa kuonyesha kitu kilicho mbele ya tendo lenyewe. Vipofu walifunguliwa macho, lakini hatimaye walikufa kama watu wote. Lazaro alifufuliwa, naye pia alirudi kaburini siku yake ilipofika. Tukisema kwamba kusudi la muujiza ni kuondoa maradhi tu, itatubidi tukubali kwamba miujiza yote ya Injili ilikuwa ya muda. Lakini tukisema kwamba ilionyesha jinsi Mungu anavyowatazama wagonjwa, wenye njaa na waliotengwa, basi kazi yake haijakwisha hata leo.

Tuitazame pia namna miujiza hiyo ilivyotendeka. Jangwani, alipokuwa na njaa, Yesu alikataa kuyageuza mawe kuwa mikate kwa ajili yake mwenyewe. Mafarisayo walipomtaka awaonyeshe ishara kutoka mbinguni, alikataa. Mara kwa mara aliwaonya walioponywa wasitangaze. Binti wa Yairo alifufuliwa chumbani, mbele ya wazazi na wanafunzi watatu, na baada ya hapo kilichoagizwa ni kwamba mtoto apewe chakula. Huyu si mtu anayetafuta umati. Tena mwenye ukoma aliyetakaswa aliambiwa aende akajionyeshe kwa kuhani. Twajua kwamba kwa sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa mkaguzi wa ugonjwa huo. Yeye ndiye aliyetamka kwamba mtu ni mzima au bado. Maana yake ni kwamba uponyaji wa kweli hauogopi kukaguliwa. Laiti mhubiri wetu angemwambia yule mama: "Nenda zahanati, wamtazame mtoto, na wao ndio watakaosema kama vidonge viachwe!" Angekuwa amefuata Injili hatua kwa hatua, na mkono wa mtoto ungekuwa mzima.

Ama kuhusu kisa kilekile alichokihubiri, tulikisoma tena baadaye nyumbani, polepole, kama tunavyowafundisha wanafunzi kusoma ufahamu. Tulikuta kwamba mtoto hakuulizwa habari ya imani yake hata kidogo. Baba yake aliulizwa, naye alikiri kwamba imani yake ni pungufu na akaomba asaidiwe katika upungufu huo. Na mtoto akaponywa hivyo hivyo. Waliokemewa ni kizazi kile na wanafunzi walioshindwa, yaani wale waliojiita waponyaji. Kumbe wale waliosema kwamba nyumba ya mjane ilikosa imani walikuwa wamekigeuza kisa juu chini.

Wapo watakaouliza: je, sisi twakanusha miujiza? La hasha! Tutataja mmoja unaotugusa watu wa Afrika Mashariki. Mtawa Irene Stefani wa shirika la Consolata alizaliwa Italia mwaka 1891, akaja Kenya mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwauguza wapagazi wa jeshi, Waafrika waliokuwa wakifa kwa maelfu, katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Baadaye alifanya kazi Gekondi, katika nchi ya Wakikuyu, ambako watu walimpa jina la Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa alipokuwa akimwuguza mwalimu mmoja mgonjwa.

Mwezi Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, watu zaidi ya mia mbili, wengi wao makatekista na jamaa zao, walijificha kanisani katika kijiji cha Nipepe. Nje risasi zilikuwa zikilia, na maji hayakuwapo ila yale machache yaliyokuwamo katika chombo cha ubatizo. Waliomba kwa jina la Mtawa Irene. Kama walivyoshuhudia, maji hayo yaliwatosha siku kadhaa, hata akaoshwa kwayo mtoto aliyezaliwa mle ndani, akapewa jina la Irene. Kanisa Katoliki lilichunguza habari hiyo kwa miaka mingi, likahoji mashahidi, likakubali; na tarehe 23 Mei 2015 Mtawa Irene akatangazwa mwenye heri huko Nyeri. Msomaji anaweza kuamini au kutoamini. Lakini na aone sura ya tukio lenyewe: hakuna aliyelipa, hakuna aliyetakiwa kutupa kitu, hakuna aliyetukuka jukwaani. Watu waliokuwa na kiu walikunywa, na mwanamke waliyemkumbuka ni yule aliyekufa akiuguza.

Hata huko Lourdes, Ufaransa, ambako wagonjwa wamekuwa wakimiminika tangu mwaka 1858, tangu mwaka 1883 ipo ofisi ya madaktari inayokagua kila dai la kupona. Hadi mwaka 2018 maaskofu walikuwa wametambua miujiza 70 tu. Wanaoamini miujiza kwa dhati, basi, ndio wanaokuwa wagumu zaidi kuitangaza.

Tulinganishe na mambo tuliyoyaona sisi wenyewe katika nchi zetu. Mapema mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu, wakiwamo wengi kutoka Kenya na Uganda, walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kwa jina la Babu. Yeye alisema ameoteshwa na Mungu. Bei ilikuwa shilingi mia tano tu, na hatuna sababu ya kumwita mlaghai. Lakini foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, wagonjwa mahututi walifia njiani, na wapo walioziacha dawa za hospitali kwa kudhani kwamba wamekwisha kupona. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 2021, na maradhi yale sugu yapo bado. Ndipo tulipowakumbuka wale ndugu wawili wa shina moja, muujiza na ajizi. Mtu akiusubiri muujiza hata akaacha lile analoliweza, amekwisha kuingia katika nyumba ya njaa.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao twaupenda zaidi. Mtakatifu Agostino, aliyekuwa Mwafrika wa pande za kaskazini, alifundisha kwamba muujiza haupingani na maumbile. Unapingana tu na yale machache tuyajuayo juu ya maumbile. Tena alisema kwamba kuota kwa nafaka zote za dunia kila mwaka ni jambo kubwa kuliko kuwashibisha watu elfu tano kwa mikate mitano, ila watu hawashangai kwa kuwa wamezoea. Maneno hayo yanatufaa sisi tunaopanda wimbi na mtama.

Na si nafaka pekee. Nagongera, jirani zetu, ilikuwa miongoni mwa mahali palipojulikana duniani kwa malaria. Watafiti waliohesabu mbu hapo walikadiria, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara mia mbili kwa mwaka. Vyandarua viligawiwa, na kuanzia mwisho wa mwaka 2014 nyumba zilipuliziwa dawa. Kufikia mwaka 2019 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hata ikawa chini ya mara moja kwa mwaka. Wazazi waliokuwa wamezoea kuzika watoto kila msimu wa mvua walisema kwa haki kabisa kwamba ni muujiza. Lakini muujiza huu nao haukuwa mali ya mtu: baada ya mwaka 2020, dawa ya kupulizia ilipobadilishwa, malaria iliongezeka tena katika wilaya hizi, na kazi ikabidi iendelee. Sisi twaiona hapo ishara ileile ya Injili, kwamba uhai wa mtoto ni kitu cha kupiganiwa kila siku.

Wazee wetu wa Padhola, kabla ya Ukristo, walikuwa na ibada ya Bura, na mwamba wa Nyakiriga ulikuwa mahali pao pa kuombea baraka. Walikuwa pia na jina la Mungu, Were, na walimnena kuwa Were wa uani na Were wa mwituni. Tumefikiri mara nyingi kwamba wahubiri wa siku hizi wanamjua sana Were wa mwituni, yule wa ngurumo na vishindo. Wamemsahau yule wa uani, anayekaa karibu na mafiga, mahali mtoto alipoangukia.

Yule mama hakumsahau. Baada ya jeraha kupona alimrudisha mjukuu zahanati, na tangu hapo hakukosa mwezi hata mmoja, kwa miguu au kwa baiskeli ya kupakiwa. Kifafa kilipungua, kisha kikawa cha nadra. Binti alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa wengi wenye mikono miwili. Kila jioni bibi yake huomba apone kabisa, na kila jioni humpa kidonge. Haoni ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Siku ile ya swali la mwanafunzi, baada ya masomo, tulikwenda kwake. Miaka yote hiyo tulikuwa tumesalimiana njiani bila kulitaja jambo lile. Tulimwambia: "Mama, uliwahi kutuuliza yule mtu alisema nini. Alisema vibaya, nasi tukasema vibaya pamoja naye. Utusamehe." Alikuwa akipepeta wimbi. Hakuinua macho mara moja. Kisha akasema: "Nilijua siku nyingi, Mwalimu. Nilingoja uje mwenyewe." Akatusogezea kigoda.

Kesho yake tulirudi darasani, tukamjibu kijana wetu kwamba muujiza si mali, na kwamba yeyote anayesema mgonjwa amenyang'anywa muujiza wake hajui anachokinena. Kisha tukaandika ubaoni maneno matano: muujiza, ishara, ajabu, karama na ajizi. Tukawataka wanafunzi waeleze asili na tofauti ya kila moja na watunge sentensi, ila wasitumie kimilikishi "wako". Zoezi hilo lilichukua vipindi viwili. Twawapendekezea walimu wenzetu walijaribu, hasa wale walio karibu na mipaka, ambao wanafunzi wao kesho wataitwa jukwaani kufasiri. Tena wawaambie waziwazi kwamba mfasiri anao ulimi wake mwenyewe, na kwamba lipo neno ambalo, likimfikia, anaweza kukataa kulipitisha.